Adapta ya Pini Tisa na Kitabu cha Kabatini

Nina mpangaji hapa kwangu Nyegezi, binti anaitwa Faraja, anasoma chuo. Mtoto mzuri, shikamoo haimpiti, na akikaanga dagaa lazima aniletee kibakuli. Basi juzi asubuhi namwona anakatiza uani amekumbatia monita, anaelekea jalalani.

"Faraja, unaipeleka wapi hiyo?"

"Naitupa, Bibi. Imekufa. Nimeiunga na laptop yangu mpya, haionyeshi kitu."

"Nani kaipima?"

Akacheka. "Bibi nawe! Nimenunua adapta, imeingia vizuri kabisa, huku na huku. Ikiingia si imekubali?"

Jamani, damu ilinipanda mpaka masikioni. Maneno hayohayo niliambiwa miaka ya tisini na muuzaji mmoja pale mjini, na nusura yamfukuzishe kazi mwanamke asiye na kosa. Nikamwambia Faraja iweke chini, iweke chini sasa hivi kabla sijasema neno nitakalolijutia. Akaiweka kwenye ngazi, akaingia ndani. Na mimi nikachukua kalamu. Kwa hiyo vijana, mkisikia nafoka humu, mjue sijamaliza kufoka tangu juzi.

Mimi ni fundi. Nilianzia karakana ya ushirika wa pamba, tukitengeneza mashine za kujumlishia, taipureta na redio za mawasiliano. Soko huria lilipokuja ushirika ukayumba, tukapunguzwa kazi, nikafungua kibanda Mkuyuni, katikati ya mshona viatu na muuza vipuri vya baiskeli. Juu ya mlango niliandika kwa rangi nyekundu: FUNDI WA KOMPYUTA, REDIO NA MASHINE ZA OFISI. Mteja anaingia, ananitazama, anatazama nyuma yangu.

"Fundi yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

"Hapana mama, namtaka fundi mwenyewe."

Mmoja nilimjibu kwamba fundi mwenyewe amekwenda kumnyonyesha mwanawe, asubiri. Akakaa kwenye benchi, akasubiri kweli! Nikaenda nyuma ya pazia, nikanyonyesha, nikarudi na bisibisi, nikaishika redio yake. Ikaanza kuimba. Hata asante aliitoa kwa shida.

Lakini nimfikie kwanza Mzee Odongo, maana bila yeye hamtanielewa. Alikuwa msimamizi wa karakana pale ushirika, Mjaluo wa kutoka kule Shirati, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mwaka wangu wa kwanza ililetwa mashine ya kujumlishia kutoka ng'ambo, nzuri, inang'aa. Plagi yake ilikuwa ya miguu bapa, haiingii kwenye soketi zetu. Nikatafuta kiunganishi, nikakipata, nikachomeka, ikaingia kama ilizaliwa pale. Paa! Ile mashine ilikuwa ya umeme wa volti mia moja na kumi, na sisi huku ni mia mbili na thelathini. Iliungua na utumbo wake wote.

Mzee Odongo hakunipigia kelele. Aliitoa transfoma iliyoungua, akaitundika kwa msumari juu ya meza yangu, usawa wa macho. "Tundu haina mdomo, binti," akasema. "Haitakuambia ndani kuna nini. Wewe ndiyo unauliza, na kuuliza ni kupima." Ile transfoma ilining'inia pale mpaka siku tulipopunguzwa kazi. Mngedhani somo limeingia. Limeingia wapi! Nilivyohama karakana niliiacha msumarini, na sehemu ya akili yangu nayo nikaiacha palepale.

Sasa sikilizeni miaka ile ilivyokuwa. Kila kitu ruksa. Maduka yaliyokuwa na sabuni na viberiti yakajaa kompyuta za mitumba, zimeshushwa kwenye makontena, hazina hata kibandiko cha kusema zilitoka wapi. Kwenye mnada wa mali za ushirika mimi mwenyewe nilinunua monita mbili za zamani. Moja ilikuwa ya maandishi ya kijani, nyingine sikuijua vizuri ni ya aina gani, nikawa naiwekea birika la chai. Kichwa cha waya wa hizo monita kilikuwa na pini tisa. Mashine mpya, laptop zikiwemo, zilikuja na matundu kumi na tano, mistari mitatu. Tisa na kumi na tano hawasalimiani. Ndipo adapta inapokuja: upande huu matundu tisa ya kupokea monita, upande ule pini kumi na tano za kuingia kwenye laptop. Kidude cha kutosha kiganjani. Na kila muuzaji alikuwa nacho, na hakuna hata mmoja aliyejua kinafanya nini.

Siku moja Leokadia aliingia kibandani kwangu mchana, jua kali, kikapu mkononi. Leokadia tulikuwa naye ushirika, yeye mpiga chapa, mimi karakana. Baada ya kupunguzwa alihangaika karibu miaka miwili, mara auze maandazi, mara ashone, ndipo akapata ukatibu muhtasi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kule ufukweni. Kazi ile aliishika kama mtu anayeshika yai. Kwenye kikapu alikuwa na laptop, ameifunika kwa kitambaa cha kufuma, vile vyeupe vya kuweka juu ya redio na makochi.

"Dada, nimekwisha," akasema.

Laptop ilikuwa imezima kioo tangu asubuhi. Taa zake zinawaka, inanguruma kama kawaida, lakini kioo cheusi tii. Meneja alitoka ofisini kwake, akasimama katikati ya wafanyakazi, akasema Leokadia ameimwagia chai.

"Sijamwaga chai, dada. Haki ya Mungu. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye vibonyezo na hiki kitambaa, basi."

"Sasa amesemaje?"

"Amesema saa kumi nirudi nayo inawaka. Isipowaka, nisirudi hata kuchukua sweta yangu."

Nikamwuliza kitabu chake cha maelekezo kiko wapi. Akasema kiko kabatini kwa meneja, pamoja na boksi na kila kilichokuja nayo, na ufunguo anautembeza meneja mwenyewe. Anasema wakikishika watakichafua. Halafu akanionyesha vibonyezo vyenye maandishi ya bluu. "Na hivi amekataza tusiviguse. Anasema ni vya mafundi wa Ulaya."

Hapa naomba nisimame nifoke vizuri. Ni ugonjwa gani huu wa maofisi yetu? Kitu kipya kinafika, cha kwanza kufungiwa ni kitabu! Rimoti inavalishwa nailoni, kiti kinakaliwa na plastiki yake mpaka kinanata jasho, na kitabu cha kueleza kitu kinavyotumika kinatunzwa kama hati ya shamba la babu. Anayetumia mashine hana kitabu. Mwenye kitabu hatumii mashine. Halafu kikiharibika, wa kulaumiwa ni yule aliyenyimwa maelezo! Nimefanya kazi miaka mingi, na ninawaambia, vitu vingi nilivyoletewa kama vibovu vilikuwa vizima, ila kitabu kilikuwa kabatini.

Tuendelee. Nikawaza kitu cha maana: kama kioo cha laptop kimekufa, tuipe kioo kingine. Monita ninazo, kinachokosekana ni adapta. Nikamwacha Leokadia kibandani, nikapanda mjini mbio mbio. Yule muuzaji, jamaa wa saa kubwa ya dhahabu ya bandia, akanitolea adapta kwenye bakuli la plastiki, zimechanganywa na betri.

"Hii inafaa monita ya aina gani?" nikamwuliza.

"Mama, yoyote. Wewe chomeka. Ikiingia imekubali."

Ikiingia imekubali! Mguu wa ng'ombe nao ukiingia kwenye gambuti, umekubali? Lakini sikumwambia hivyo, hayo nimeyapata baadaye. Siku hiyo nilikuwa na haraka, saa kumi inakuja, nikaichukua adapta nikarudi.

Nikaunga ile monita ya maandishi ya kijani. Ikaingia laini. Nikawasha. Monita ikatoa mlio mwembamba, wa mbu aliyeingia sikioni, ukazidi kupanda, kisha ikaja harufu, kisha moshi juu, kwenye vitundu vya kupumulia. Nikaruka nikang'oa plagi ukutani.

Na sasa nawaambia jambo la aibu. Neno la kwanza lililonitoka halikuwa "nimekosea." Nilimgeukia Leokadia nikamwambia, "Umeniletea kitu kibovu, kimeniunguzia monita!"

 Alikichukua kile kitambaa cheupe akaanza kukikunja. Akakikunja mara mbili, mara nne, polepole, kama mtu anayefunga mizigo ya safari. Jamani, afadhali angenitukana. Nilikaa kwenye stuli nikaona kile kitu usawa wa macho, transfoma ya Mzee Odongo, msumari na kila kitu, wakati ukutani kwangu hapakuwa na kitu chochote. Tundu haina mdomo. Nilikuwa na mita kwenye droo, hatua moja kutoka mkononi, na sikuuliza.

"Leokadia," nikasema, "nisamehe. Kosa si lako, ni langu. Sikupima."

Akaacha kukunja. "Basi pima, dada. Saa nane na nusu hii."

Nawapa ufundi sasa, na mnaoandika andikeni. Pini ni tisa, umbo ni moja, lakini lugha ni mbili. Zile za zamani zaidi zinapokea umeme wa kuwaka na kuzima tu, na pini yao ya kwanza imeunganishwa moja kwa moja na athi, ule waya wa ardhini. Zilizokuja baadaye zinapokea umeme wa rangi unaopanda na kushuka kidogo kidogo, na pini ya kwanza ndiyo nyekundu. Ukiziunga kwa adapta ileile, hizi za baadaye zinakuonyesha picha, zile za kwanza zinaungua. Kwa macho hutazitofautisha. Kwa mita ni suala la kumeza mate: monita ikiwa imezimwa na plagi nje, weka ncha moja pini ya kwanza, ncha ya pili kwenye chuma cha kichwa cha waya. Mita ikikuambia sifuri, acha, usiiguse laptop ya watu. Ikikuambia kama ohm sabini na tano, hapo mnaweza kuzungumza.

Ile iliyoungua niliipima baada ya kuiunguza, kama wafanyavyo wapumbavu. Sifuri. Nikaondoa birika juu ya ile ya pili, nikafuta majani ya chai, nikapima. Sabini na tano, na pini ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Nikachomeka adapta kwenye laptop, nikawasha.

Picha ikaja. Rangi zote!

"Barua zangu!" Leokadia akapiga kelele hadi mshona viatu akachungulia. "Dada, barua zangu zote hizi hapa!"

Kwa hiyo laptop ilikuwa nzima. Ilinusurika mikono yangu, Mungu anajua vipi. Lakini nikaanza kujiuliza: mbona picha inatoka nje vizuri namna hii, bila mtu kuiagiza, na ndani haipo kabisa? Nikavitazama vile vibonyezo vya bluu. Kimoja kilikuwa na kamchoro kadogo ka kioo. Leokadia naye akakiona. "Nibonyeze?"

"Usithubutu. Leo nimekisia mara moja, sikisii mara ya pili. Tunakwenda kukifuata kitabu."

Tukakodi mkokoteni. Mnacheka? Monita ya siku hizo si hizi za kwenu nyembamba kama sinia, ilikuwa na mgongo kama kobe. Tukaiweka juu ya gunia, laptop kwenye kikapu, Leokadia mbele, mimi nyuma nashikilia, tukashuka nayo hadi kiwandani. Harufu ya sangara ikatupokea kabla ya mlinzi.

Meneja alikuwa mwenyeji wa hapahapa tu, msomi, tai shingoni, umri sawa na wangu. Akatutazama.

"Nimekuambia uje na laptop inayowaka. Hili dubwana la nini? Na huyu mama nani?"

"Fundi," Leokadia akasema.

"Fundi mwenyewe yuko wapi?"

 Niliweka monita juu ya meza, nikaunga, nikawasha, barua zikatokea. Wafanyakazi wa minofu walikuwa wameshajaa mlangoni na aproni zao nyeupe na magambuti. Nikasema, "Mashine hii ni nzima. Haijamwagiwa chai, wala maji, wala mate. Imeambiwa ipeleke picha nje badala ya ndani. Namna ya kuirudisha imo kwenye kitabu. Naomba kitabu."

"Kitabu ni mali ya kampuni," akasema. "Hakitolewi kwa watu wa nje."

Nilifungua mdomo. Mnanijua, ningesema maneno ya kuniweka rumande. Lakini Leokadia alinitangulia, na sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

"Bosi, umenifedhehesha mbele ya watu hawa. Lifungue kabati mbele ya watu hawa."

 Mlangoni mtu mmoja akasema, "Hapo sawa." Mwingine akaguna. Meneja akaangalia mlangoni, akaangalia saa, akatoa ufunguo mfukoni.

Kitabu kilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Hakijawahi kufunguliwa! Yaani mwenyewe aliyekilinda hakukisoma hata jalada. Nikaichana ile nailoni nikatafuta ukurasa kwa ukurasa, Kiingereza changu cha darasani kikinisaidia na michoro ikisaidia zaidi, mpaka nikaona kamchoro kalekale ka kioo. Bonyeza kile cha bluu kilichoko chini kushoto pamoja na hiki cha juu. Mara moja, picha inakwenda nje. Mara ya pili, pande zote. Mara ya tatu, ndani. Leokadia alikuwa amefuta vumbi akavikandamiza viwili kwa pamoja. Ndiyo chai yenyewe hiyo.

"Bonyeza wewe," nikamwambia.

Akajifuta vidole kwenye sketi, akabonyeza.  Kioo cha laptop kikawaka, cheupe, na mlangoni wakapiga makofi na vigelegele juu.

Meneja akasema, "Kumbe jambo dogo tu."

Jambo dogo tu! Hakusema pole. Hakusema nilikosea. Mwanamke aliyeambiwa asubuhi mbele ya kiwanda kizima kwamba hana adabu na vitu vya watu, akawekewa mwisho wa saa kumi kama mshitakiwa, anaambiwa jambo dogo tu. Halafu, sikilizeni, simu ikalia. Akatugeuzia mgongo kuipokea, kitabu kikiwa mkononi mwangu, nikajua kabisa akimaliza atakirudisha kabatini na kufunga.

Nikamtazama Leokadia. Leokadia akanitazama. Akaanza kukohoa, kikohozi kikubwa, cha kifua chote, kikohozi cha mtu wa kupelekwa hospitali. Na mimi chini ya kikohozi hicho nikauchana ule ukurasa, ukaingia ndani ya kitambaa cha kufuma. Meneja akaweka simu, akanyoosha mkono, nikampa kitabu chake kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akakifungia.

Niiteni mwizi. Leokadia alifanya kazi pale mpaka akastaafu, na ule ukurasa aliuweka chini ya kitambaa, juu ya laptop, mahali ambapo meneja hakuwahi kunyanyua. Makatibu wa ofisi za jirani walikuja kuunakili kwa mkono, mmoja mmoja, wakijidai wamekuja kumsalimia. Alipostaafu aliniletea hapa nyumbani, ameutia kwenye plastiki ngumu. Nimeutundika juu ya meza yangu, usawa wa macho.

Jana nilimwita Faraja. Tukapima. Adapta yake ilikuwa ya kuchukua picha ya mashine ya zamani kuipeleka kwenye kioo kipya, na yeye alitaka kinyume chake. Hizi za siku hizi zina njia moja, hazirudi nyuma, hata kama vichwa vinaingia huku na huku. Akaenda kubadilisha, akarudi, tukabonyeza, monita yake iliyokufa ikafufuka. Akasimama muda akiutazama ukurasa ukutani, akauliza ni wa nani.

Ni wa kampuni, nikamwambia, na ndivyo ulivyo. Kwa hiyo wewe meneja, kama bado uko hai na macho yanasoma, ukurasa wako ninao, haujachafuka. Nyegezi si mbali, njoo uuchukue. Ila usije mikono mitupu: Leokadia anaishi nyumba ya tatu kutoka hapa, na pole yake bado iko kabatini kwako.